Bibi na Bwana wa Mahakama ya Mwanzo

Bahi ya miaka ya themanini haikuwa na sanamu juu ya mapaa. Nyumba nyingi zilikuwa tembe, na juu ya paa lake la udongo tulianika mlenda na mbegu za matikiti. Wazungu walimchonga Haki kama mwanamke mwenye upanga na mizani, kama yule wa juu ya mahakama ya Old Bailey kule London. Sisi tunu za taifa tulizikuta kwenye ubao uliopakwa rangi, wenye nembo ya taifa ya mwanamume na mwanamke, na kama Watanzania wengine tuliuita Bibi na Bwana.

Ubao huo ulitundikwa mahakama ya mwanzo, nyuma ya kiti cha hakimu. Watoto tuliotumwa dukani tulisimama dirishani kusikiliza kesi, maana pale kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kuusoma: jembe na shoka ni kazi, mkuki ni ulinzi, na chini yake Uhuru na Umoja. Mwenge ulikuwa na maelezo marefu zaidi. Mwaka 1959 Nyerere alisema tungeuwasha na kuuweka juu ya Kilimanjaro, ulete matumaini, upendo na heshima pale ambapo havipo, na usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni.

Wazee wa Kigogo walikuwa na maswali yao. Ng'ombe yuko wapi? Mbona miguuni pa Bwana kuna mkarafuu, na miguuni pa Bibi mpamba, wala hakuna hata suke moja la uwele? Mawimbi tu ndiyo waliyokubali kuwa ya kwetu, kwa kuwa mvua ikinyesha vizuri mbuga ya Bahi hufurika maji hadi upeo wa macho.

Kesi ninayoikumbuka ni ya mama mmoja aliyeachwa na mumewe, akadai sehemu ya mifugo. Mume alisema ng'ombe ni wake, yeye ndiye aliyewanunua.

"Mama, wewe ulinunua wangapi?" hakimu akauliza.

"Sikununua, mheshimiwa. Nililima. Mwaka wa njaa wenzetu waliuza mifugo wapate chakula. Sisi tulikula uwele wangu, hatukuuza hata ndama."

Mume akacheka. Mama akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Na hao je? Mbona pembe za ndovu wamezishika wote wawili? Huyo Bibi naye alinunua?"

Hakimu akageuka kwenye kiti chake, akautazama ubao kwa muda. Mmoja wa wazee wa baraza akaguna, "Hapo mama amesema." Siku ya hukumu mama alipewa ng'ombe, pungufu ya alivyoomba, akawaswaga mwenyewe hadi kwa kaka yake.

Baadaye sana nilijua kwamba hoja ile ilikuwa imefika mbali kuliko Bahi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, kwa kuisoma Sheria ya Ndoa ya 1971. Sidhani mama yule aliwahi kuisikia hukumu hiyo.

Mwaka 2017 watu walibishana kama aliyeichora nembo ni mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha, aliyefariki mwaka huohuo. Mimi nilimkumbuka mama wa Bahi, aliyeisoma kuliko sote tulioikariri darasani. Alikuwa na nafasi nzuri ya kuisoma. Kwa jinsi ukumbi ule ulivyopangwa, hakimu huupa ubao mgongo. Mwenye shauri ndiye anayekaa ameukabili kutwa nzima, akingoja jina lake liitwe.