Mutoto Anasoma kwa Masikio Mbele ya Kusoma kwa Macho

Kila mwezi wa tisa tunapokea katika kalasi ya saba, ile ambayo zamani tuliita ya kwanza sekonderi, vijana wenye cheti cha primeri mukononi. Wengi wanajua kutamka maneno ya ukurasa, moja kisha lingine, bila kukwama sana. Lakini tukifunga kitabu na kuuliza: « Huyu mwandishi anatuambia nini? », wananyamaza. Ndipo mashitaka yanaanza. Sisi wa sekonderi tunashitaki walimu wa primeri, walimu wa primeri wanashitaki wazazi, wazazi wanashitaki serkali. Kila mumoja ana sehemu ya ukweli: tangu masomo ya primeri yafanywe bure katika shule za serkali mwaka wa 2019, kuna kalasi ambamo watoto wamepita hesabu ya benchi. Lakini katika andiko hili tunapenda kurudi nyuma zaidi, mbele ya kalasi ya kwanza, pale mutoto angali nyumbani kando ya mbabula.

Sisi tuliokomalia katika kambi za wafanyakazi za Lubumbashi miaka ya 1980 tunakumbuka mangaribi ilivyokuwa. Bukari ikiisha, makala ikibakia nyekundu kidogo, nkambo alianza hadisi ya Kalulu, yule mudogo wa mwili na munene wa akili. Alichanganya Kiswahili na Kibemba, na katikati ya hadisi kulikuwa wimbo. Yeye aliimba, sisi tuliitikia. Wimbo ulirudi mara tatu, mara ine, na kila mara neno moja lilibadilika, sababu Kalulu alikuwa amepiga hatua ingine. Aliyesinzia alijulikana mara moja: aliitikia mahali si pake. Kisha nkambo aliuliza: « Mungekuwa ninyi, mungefanya nini? » Na mutoto wa miaka ine alikuwa na ruhusa ya kujibu sawa na yule wa kumi.

Hakuna aliyeita jambo hilo masomo. Hata hivyo yalikuwa masomo. Mutoto alijifunza kwamba jambo lina mwanzo, lina katikati, lina mwisho. Alijifunza kuweka neno moyoni mpaka lirudi, kukisia kitakachofuata, na kusikia maneno ambayo hayatumiki kwa kuomba maji ao chakula. Mwenye kuzoea hadisi kwa masikio, siku atakapojua herufi atatafuta hadisi ndani ya ukurasa. Asiyeizoea anatafuta herufi tu, na akiisha kuzitamka anafikiri kazi imekwisha. Hawa wa pili ndio wanaotunyamazia katika kalasi ya saba.

Tena, ule mutoto hakulelewa na mama peke yake. Mama akizaa, majirani walileta makala, waliteka maji, walifua nguo za mutoto. Wakizaliwa mapacha, Kyungu na Kabange kwa jina la Kiluba, ilikuwa mambo ya avenue muzima, kwa nyimbo na zawadi. Mutoto alipita mukono kwa mukono, na kila mukono ulikuwa na kinywa chake: huyu anamuimbia, huyu anamutania, huyu anamutaja kwa jina la babu yake. Kwa hiyo alisikia maneno mengi kutoka kwa watu wengi.

Na kampani nayo iliingia humo. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilipotaka wafanyakazi wakae na bibi na watoto wao, ilifungua mahali pa kupima watoto wachanga, na nyuma yake masomo na fuayé za wamama. Gécamines, iliyozaliwa nyuma ya serkali kuchukua migodi mwaka wa 1967, iliendelesha kazi hiyo pamoja na posho ya unga. Tusidanganyane: kampani ilitafuta mikono ya kesho, haikutenda kwa upendo tu. Lakini mama mwenye mutoto mudogo alijua mahali pa kupeleka miguu yake. Katika miaka ya 1990 kampani ilianguka, na kwa mupango wa « kuondoka kwa hiari » wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kazini. Tangu pale wamama wengi wanashika njia ya soko mbele ya jua kutoka. Mutoto mudogo anabakia na mutoto mukubwa, ao na telefone.

Lakini umasikini peke yake haukuzima hadisi. Sisi basomi pia tumeizima. Katika nyumba moja ya mwenzetu tulisikia kijana, baba wa mutoto wa miaka mitatu, akimuambia mama yake aliyetoka kijijini: « Mama, nakuomba, usimuongeleshe mutoto Kiswahili, atashindwa masomo. » Muzee akajibu polepole: « Basi nitamuongelesha na nini, mwana wangu? » Tangu siku ile anamulisha mujukuu na kumuogesha bila neno. Nyumba ina hadisi mia moja, na mutoto hasikii hata moja.

Wandugu, Kifaransa si adui. Sisi wenyewe tunakula mukate wetu kwa Kifaransa. Lakini tuangalie kazi ya kusoma yenyewe. Kiswahili kina vokali tano, na kila moja inatamkwa vile imeandikwa. Mutoto akijua ka, lu, ma, anaweza kusoma « Kalulu » na « mama » bila muntu kumuelezea. Katika Kifaransa anakuta « eau »: herufi tatu, sauti moja, na hakuna hata moja kati yao ambayo ni ile sauti. Mwenye kufungua siri ya kusoma katika lugha anayosikia ataibeba siri hiyo mpaka Kifaransa. Katiba ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha ine za taifa, na sheria ya masomo ya 2014 inakubali lugha hizo zitumike katika kufundisha. Tunachokataza nyumbani, sheria inakiruhusu masomoni!

Kwetu kwenye avenue tulijaribu kitu kidogo. Wamama wana likilimba yao kila siku ya posho. Wakati wanahesabu pesa, watoto wa chini ya miaka sita wanakaa kwenye mukeka pamoja na nkambo mumoja. Yeye anaeleza hadisi. Mwanafunzi wa sekonderi anaiandika. Juma linalofuata hadisi inarudi ikiwa kitabu: karatasi za kaye, herufi kubwa, picha ya kalamu, jalada la karatasi ya mufuko wa simenti, uzi na sindano. Si kila kitu kilienda muzuri. Wakati wa mvua mukeka hauna mahali, na wamama fulani waliona ni muchezo tu. Lakini tulimuona mutoto wa kike, hajui hata herufi moja, akishika kitabu na kugeuza ukurasa kila mara mahali pale pale wimbo unaanza. Huyo ameisha kuanza kusoma. Na mwanafunzi aliyeandika alisahihisha mara ine, sababu nkambo alikataa: « Hapana, sikusema vile. » Hakuna mwalimu wetu aliyemufundisha kuheshimu neno namna hiyo.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, mutoto mudogo apate hadisi moja kila mangaribi, katika lugha ya yule anayemupenda. Pili, kila chama cha avenue, cha kanisa, cha likilimba, kijue ni nyumba gani ina mutoto muchanga, na nani anaweza kumushika saa moja ili mama apumzike. Tatu, sisi basomi turudishie wazee wetu ruhusa ya kusema ndani ya nyumba zetu. Hilo la tatu halina bei, na tunaweza kulianza leo mangaribi.