Kitanda cha Bure

Wenzangu wa kikundi wanaamini kwamba mzigo wao uliharibiwa na mvua. Hivyo ndivyo nilivyowaambia asubuhi ile Kikuubo, Kampala, ndivyo tulivyoandika kwenye kitabu cha kikundi, na ndivyo walivyosikia watu wa Bukoba waliokuja kutupa pole. Mvua ilinyesha kweli. Lakini chumba cha chini kilichoingia maji niliwachagulia mimi, na usiku huo mimi nililala ghorofa ya pili, kwenye kitanda ambacho sikukilipia hata senti.

Sisi ni wanawake wa biashara ya rejareja. Wengine wana meza sokoni, wengine wana vibanda Kashai na Hamugembe. Kwenda kununua mzigo Dar es Salaam ni mbali, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu Bukoba, ilhali Kampala ni safari ya kutwa: unapita Kyaka, unavuka mpaka Mutukula, unashika barabara ya Masaka, jioni umeshafika. Tena Kihaya na Kiganda ni ndugu, hata asiyejua Kiganda atasikilizana na muuzaji mpaka bei ipatikane. Mimi nilianza safari hizo mapema kuliko wenzangu, baada ya kuacha ualimu. Walipoona duka langu linajaa wakaniomba niwapeleke na wao, nikakubali kwa moyo safi. Nasema kwa moyo safi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ubaya ulikuja baadaye.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Kashai, mkubwa kuliko sote. Vita vya 1978 vilimkuta msichana mdogo. Walikimbia majeshi ya Amin usiku, na tangu hapo neno Uganda lilikuwa likimkaza kifua. Hakutaka kuvuka Mutukula. Nilikwenda kwake mara kadhaa kumtuliza, nikamweleza kwamba Kampala ya leo ni mji wa watu wanaotafuta riziki kama sisi. Mwisho akasema, "Haya Mwalimu, sisi huko hatukujui. Tunakufuata wewe." Aliuza mbuzi, akaongezea akiba yake, akanikabidhi nauli.

Asiyeijua Kikuubo anaweza kudhani nazungumzia soko la kawaida. Ni kichochoro cha bondeni katikati ya Kampala, karibu na Old Taxi Park, Nakivubo na soko la Owino, ambalo kwa jina rasmi ni St. Balikuddembe. Sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, biskuti, pampasi, madaftari na vyombo vya plastiki hutoka hapo kwa katoni na kwa bunda kwenda kila pembe ya Uganda, na pia Juba, Bunia, Goma, Kigali na kwetu Kagera. Wachukuzi wanapita na mizigo kichwani wakidai njia, na ukisimama kuhesabu hela umeziba barabara. Hapo hununui siku uliyofika. Jioni unazunguka kuuliza bei, unalinganisha, unalala, na asubuhi maduka yakifunguliwa unakwenda moja kwa moja kwa aliyekupa bei nzuri. Ukikuta bidhaa zako hazijatimia, unalala tena. Kwa hiyo gesti ya Kikuubo ni stoo yako, ni benki yako kwa usiku huo, ni mahali pa kufungia mzigo kabla haujapelekwa kwenye basi. Anayepanga malazi huko amepanga usalama wa mtaji wa mtu.

Hayo niliyajua vizuri. Na nilijua jambo jingine, la maji. Kampala ni mji wa vilima, na maji ya vilima vinavyozunguka katikati ya mji yanatafuta bonde la Nakivubo. Hapo zamani palikuwa kinamasi, leo kuna mfereji mkubwa unaoyapeleka ziwani, kwenye ziwa hilihili tunalolitazama Bukoba. Mvua ikiwa kubwa, hasa zile za Septemba mpaka Novemba na zile za Machi mpaka Mei, mfereji unafurika na barabara za chini zinageuka mito.

Nilifundisha historia darasani miaka mingi, na naona aibu ninapokumbuka niliyokuwa nikifundisha. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliokwenda Buganda karne ya 19 walipita Karagwe, huku kwetu, wakiwa na kituo chao Kafuro. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844. Mwingereza Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 alikuta makao makuu yaliyozungushiwa nyua ndefu za matete, ua ndani ya ua, kila lango na mlinzi wake. Mgeni hakujichagulia pa kulala, alilala alipopangiwa na mwenyeji. Speke alipewa vibanda vichafu akalalamika sana, akitaka awekwe karibu na ikulu. Baadaye Mwingereza mwingine, Lugard, alipokuja, Desemba 1890, alijenga ngome yake juu ya kilima, hapo panapoitwa Old Kampala, na Lubiri ya Mengo, ikulu ya Kabaka, nayo ilikuwa imeshakaa juu ya kilima chake. Wenye uwezo wa kuchagua walilala mlimani. Niliyaeleza hayo kwa watoto kama mambo yaliyopita, kisha mimi mwenyewe nikawa mwenyeji anayepangia wageni mahali pa kulala, na nikawaweka bondeni.

Ilikuwa hivi. Katika safari iliyotangulia ile ya mvua nililala kwenye gesti moja ya jirani na Kikuubo, ambayo siitaji. Kijana wa mapokezi alizungumza Kiswahili kizuri, maana wageni wake wengi ni Wakongomani na watu wa Juba. Akaniita kwa heshima ya Kiganda, akaniambia, "Nnyabo, ukileta watu wanne wakae chumba cha chini, wewe nakupa kitanda juu, hulipi." Akanionyesha chumba. Kilikuwa na vitanda vinne na vyandarua, na sakafu yake ilikuwa chini kidogo ya usawa wa barabara. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya. Lakini nyuma ya mlango, mahali ambapo brashi haikufika, niliona mstari wa kahawia ukutani, umenyooka, juu kidogo ya goti langu. Nilijua ni nini. Mtu aliyekulia kando ya ziwa anajua alama ya maji akiiona.

Sikumuuliza kijana. Ningemuuliza angenijibu, na nikishajibiwa ningelazimika kuamua.

Niliporudi Bukoba niliwaambia wenzangu kwamba nimepata chumba rahisi, kila kitanda kimepungua shilingi 5,000 za Uganda kuliko vyumba vya juu. Hilo lilikuwa kweli, na waliipenda bei. Nikaongeza kwamba chumba cha chini ni kizuri kwa mizigo, hakuna kupandisha maboksi ngazini. Hilo nalo lina ukweli wake. Nilipoulizwa kwa nini mimi nitalala juu, nilijibu kwamba nimebeba fedha za kikundi, nahitaji chumba chenye kufuli imara. Wakasema nimefikiri vizuri. Neno la kitanda cha bure halikutoka kinywani mwangu, na la mstari ukutani halikutoka.

Tulisafiri mwishoni mwa Novemba, tukitafuta bidhaa za Krismasi na za shule kufunguliwa Januari. Siku ya kununua ilikwenda vizuri mno. Yule mama wa Kashai aliyeogopa Uganda ndiye aliyetushinda wote kwa kupatana bei. Alizungumza Kihaya chake polepole, muuzaji akimjibu kwa Kiganda, na wote wawili wakicheka. Alinunua madaftari na pampasi, akatia mtaji wake wote humo. Mzigo wa kila mmoja ukapangwa sakafuni, kati ya vitanda, madaftari chini kwa sababu ni mazito.

Mvua ilianza baada ya usiku wa manane. Niliisikia. Huko juu bati lilikuwa likipiga kelele mpaka nikaamka, nikakaa kitandani. Hapa ndipo pagumu kwangu kupaandika. Nilifikiria mstari ule. Niliufikiria waziwazi, na rangi yake, na urefu wake kwenye goti langu. Ningeshuka wakati ule, tungepandisha mizigo vitandani, tungeita wachukuzi wa gesti, tungeokoa karibu vyote. Nikajiambia mvua itapungua. Nilichoogopa hasa ni swali ambalo lingenikuta pale chini: Mwalimu, ulijuaje?

Nilishuka wenzangu walipopiga kelele. Maji yalikuwa yamepita kwenye kizingiti na yanaendelea kupanda, meusi, na harufu ya mtaro. Kina mama walikuwa wamesimama juu ya vitanda wakivuta maboksi gizani, maana umeme ulikuwa umekatika. Mabeseni yalielea bila madhara. Biskuti za maboksi ya juu zilipona. Sabuni zililainika. Madaftari yalivimba na kushikana kurasa. Pampasi, ambazo kazi yake ni kunywa maji, zilikunywa maji ya Nakivubo mpaka bunda moja likawashinda watu wawili kulinyanyua. Mama wa Kashai hakulia. Alikuwa akifungua daftari mojamoja na kulikung'uta, akilitenga, akichukua jingine.

Asubuhi walinizunguka wakisubiri niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisema maneno ya safari. Nikasema, "Mvua ni kazi ya Mungu." Nikamtwisha Mungu mstari niliouona kwa macho yangu. Wakaitikia. Mmoja akanishukuru kwamba angalau nililala juu, fedha za kikundi zikasalimika.

Kijana wa mapokezi sina la kumlaumu. Alikuwa akijaza chumba cha mwajiri wake. Aliyeaminiwa na wale wanawake ni mimi.

Imepita misimu kadhaa ya mvua tangu hapo. Mama wa Kashai hakurudi Kampala. Mtaji haukumrudia; sasa anauza ndizi za kuiva nje ya nyumba yake, na ninapopita ananiita Mwalimu kwa heshima ileile. Nimekuwa nikinunua ndizi kwake nyingi kuliko tunazokula nyumbani, nikidhani nalipa. Silipi kitu.

Kilichonifungua kinywa ni ombi. Mwezi uliopita binti mmoja aliyejiunga na kikundi karibuni alinitaka niwaandikie wanachama wapya namna ya kupanga malazi Kikuubo kwa hela ndogo. Nilikaa nikaandika. Niliandika kwamba wasikubali chumba kabla ya kukiona, na wakionyeshwa wafunge mlango waangalie nyuma yake. Wawe na kufuli lao wenyewe. Wamuulize mlinzi, si mapokezi, maji ya mvua yanapita wapi, kwa sababu mlinzi ndiye anayekuwa macho usiku. Waulize pia geti linafunguliwa saa ngapi kama basi lao ni la alfajiri. Wakiacha mzigo stoo wadai karatasi yenye idadi ya maboksi. Wabebe hela ya usiku mmoja wa ziada, maana Aprili 2024 maduka mengi ya katikati ya Kampala yalifungwa siku kadhaa, wenye maduka wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS, na mgeni aliyekuja kununua siku kama hizo atasubiri kwa gharama yake. Wahifadhi risiti za dukani mahali pakavu, kwa ajili ya forodha ya Mutukula, ambako bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha, zisizozidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha uasili.

Nilipoisoma karatasi yangu niliona kwamba kila ushauri wa maana uliomo niliujua kabla ya Novemba ile, na kwamba ushauri mmoja sikuuandika: mwulizeni anayewapeleka anapata nini. Nimeuandika sasa, na nimeuweka juu kabisa.

Sitaki kusema kwamba umaskini ulinisukuma. Nilikuwa na hela ya kitanda. Nilipenda kupewa kitu kwa sababu ya kuwa mimi, mwenyeji, anayejulikana Kikuubo, anayeitwa nnyabo mapokezi kabla hajataja jina. Ile bei ya kitanda ilikuwa ndogo. Nilichokipenda ni ile hali ya kupandishwa ghorofani wakati wenzangu wanaonyeshwa mlango wa chini.

Nimeshazungumza na mwenyekiti. Kikao cha Jumamosi nitasoma haya yote mbele yao, na mama wa Kashai nimemwomba aje ingawa si mwanachama tena. Orodha ya vilivyoharibika ninayo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nitauza friza la dukani na kiwanja changu cha Kyetema. Madaftari na pampasi zitalipwa kwanza, kwa bei ya leo, halafu sabuni, halafu biskuti. Kitabu cha kikundi nitakiacha mezani wachague cha kufanya nacho, na pale palipoandikwa "mvua" nitaomba ruhusa ya kuandika jina langu.