Atlas Mwezi wa Mei: Theluji, Mbwa na Twahara

Mwezi wa Mei, Pwani yetu inapopokea mvua za masika, milima ya Atlas ya Juu nchini Morocco huwa mwishoni mwa majira ya kuchipua: bondeni miti imekwisha toa majani, ilhali vileleni theluji ingaliko. Huko ndiko tunakoazimia kwenda na watoto wetu wakubwa, inshallah, kwa siku tatu, mizigo mgongoni. Tutaanzia kijiji cha Imlil, tulale katika nyumba ya wapanda milima kwenye mita 3,207, kisha tukikabili kilele cha Toubkal. Kimo chake ni mita 4,167, kirefu kuliko vyote Afrika ya Kaskazini.

Tutaondoka mara baada ya Alfajiri, theluji ingali ngumu, kwani mchana hulainika na miguu ikazama. Tutahitaji miwani ya jua, mavazi ya sufu, na vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu.

Lililotushughulisha zaidi ni mbwa. Mwenyeji atakayetuongoza hafungi safari bila mbwa wake wa Aidi, jamii ambayo wachungaji wa Atlas huitumia kulinda mifugo. Watu wa huko hufuata madhehebu ya Imam Malik, ambayo humhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Sisi wafuasi wa Imam Shafi tunaihesabu najisi yake kuwa nzito: alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kikavu kikigusa kikavu hakuna neno. Lakini kwenye theluji, manyoya yake yatakuwa mabichi kila saa.

Basi tumepanga hivi. Miswala na nguo za kuswalia zitafungwa ndani ya mifuko isiyopenya maji. Mbwa atakuwa na bakuli lake. Tutachukua kifuko cha udongo safi kutoka kijijini, kwa kuwa juu ardhi itakuwa imefunikwa. Utafaa kwa kuoshea na kwa tayamamu ikilazimu. Theluji iliyoyeyushwa ni maji ya kutawadhia. Na anayevaa khuffu akiwa na udhu kamili, msafiri huruhusiwa kupangusa juu yake siku tatu na usiku wake, jambo la faraja penye baridi.

Watoto wetu, waliozoea kuona mbwa akifurushwa kwa mawe, tumewakumbusha mbwa wa As-habul Kahf, na yule mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Wao ndio watakaombebea chakula, na kumwangalia mwenyeji akimtoa barafu inayoganda katikati ya vidole. Kujikinga na najisi ya mnyama hakumnyimi haki yake ya kuhurumiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kwenda na kurudi kwa salama. Amin.