Masafa ya Bahari na Masafa ya Mlima

Marehemu mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye aliyekuwa na amri juu ya watoto wa dada yake, alikuwa miongoni mwa vijana wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, walioandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, wakateremka mlima kwa miguu, wakapanda gari moshi Morogoro katika reli iliyofikishwa mjini na Wajerumani mwaka 1907, na hatimaye wakaabiri Mombasa kwenda Ceylon na Burma kupigana na Wajapani. Bahari aliihesabu kwa siku na kwa hofu, maana Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka bandari ileile kuelekea Colombo, ilipigwa topido karibu na Maldives ikiwa imekwisha kwenda takriban juma zima, ikazama kwa dakika chache na watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Mjomba, aliyevuka baadaye, alisimulia kuwa walilala na mikanda ya kuokolea vifuani, na viatu wamevivua tayari kwa kuogelea, ingawa wengi wao hawakujua kuogelea.

Amani iliporejea, meli za Karanja na Kampala ziliwachukua abiria baina ya Bombay na pwani yetu kwa wiki nzima na zaidi, hata ndege zikaja kuzipokonya abiria hao.

Zamu yangu ilipowadia, nikimsindikiza mpwa wangu kwenda kutibiwa India, Shirika la Ndege la Tanzania lilikuwa limekwisha kuanza, Julai 2019, kuruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai, masafa ya kilomita zipatazo 4,700, ambayo ndege huyakata kwa saa sita hivi. Katika kioo kidogo mbele ya viti vyetu kindege cheupe kilitambaa juu ya ramani, na mgonjwa wangu hakuacha kuuliza, “Bado tu, Mjomba?” Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, hata aliyeamini saa ya ukutani angedhani tumekaa angani saa nane na nusu.

Walakini kabla ya hapo kifusi cha masika kilikuwa kimeifunga barabara ya Mgeta, mgonjwa akachukuliwa kwa machela hadi palipofika gari, kisha basi na foleni za kuingia Dar es Salaam, na yote hayo yakatuchukua muda mrefu kuliko bahari yenyewe. Tangu Juni 2024 treni ya umeme imelipunguza fungu la Morogoro na Dar es Salaam hata likawa chini ya saa mbili. Fungu la mlima lingali vilevile. Kwa hiyo anayeniuliza India ni mwendo gani, humjibu kwanza kwa kumuuliza anaondoka mwezi gani, na anatoka upande upi wa Uluguru.