Bi Harusi, Kasida Usiiache Kwenu



Nimesoma orodha nyingi za maandalizi ya harusi. Sanduku, hina, singo, ukumbi, mpishi wa biriani. Leo nataka kusema na mabibi harusi juu ya kitu kisichokaa sandukuni: kuimba. Taarabu ina wenyewe, siisemi. Nasema kasida na maulidi, kuimba kwa pamoja, kazi ambayo mimi nimo tangu nina miaka saba na leo nina watoto watatu.

Nilianzia chuoni, hapa hapa Unguja. Kila Alhamisi tukishadurusu, msahafu unafungwa na tunafundishwa kasida. Maalim wetu alikuwa bibi mmoja mpole kwa kila kitu isipokuwa matamshi. Ha kubwa ya kooni ukiitoa kama ha ya kawaida, hakutaji jina. Anagonga mkeka kwa kidole na safu nzima inarudi mwanzo. Tulijifunza hivyo kusikilizana. Mfunguo Sita ukiingia, tunavishwa buibui mpya na mitandio ya rangi moja, tunapelekwa kwenye maulidi ya mitaani tukiwa tumebanana kwenye gari kama dagaa, na hapo hata uwe na homa huachi kwenda.

Sikupata sauti ya kughani. Wapo waliojaaliwa, mashallah, akifungua kinywa ukumbi mzima unanyamaza. Mimi ni wa kuitikia, na sijawahi kuona kuwa ni cheo cha chini. Mwenye kughani akivuta mstari pumzi zikamwishia, ni sisi tunaompokea. Na sisi wenyewe hatukati pumzi pamoja: huyu akivuta hewa, wa pembeni yake anashikilia, kwa hiyo anayesikiliza hasikii pengo. Ukikaa miaka na wenzio mnajuana pumzi. Namjua mwenzangu mmoja aliyekuwa na mimba kabla hajatuambia, kwa sababu alianza kukata katikati ya neno.

Wanaosoma Barzanji wanapajua pale hadithi inapofika kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.) na watu wote wanasimama. Udi unazunguka, mrashi unapita, vitambi vya asumini vinanukia, na sauti za wanawake wa kila rika zinapanda pamoja. Kitabu chenyewe alikiandika Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, na hapa kwetu wapo bibi wasiojua kusoma wanaokijua sehemu nyingi kwa moyo, kwa sababu wameuimba ujana wao wote. Najua wengine miongoni mwenu hamsomi maulidi, mnaona si sawa. Sitaki ugomvi, hata kwetu shangazi mmoja hahudhurii, na biriani tunampelekea.

Lakini kuna neno bi harusi huambiwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa: mke wa mtu haimbi. Hapo nataka tusimame kidogo. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Rubayyi bint Muawwidh. Mtume (S.A.W.) aliingia kwake wakati wa harusi yake, akakaa, na wasichana wakawa wanapiga dufu na kuwaimba wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akatia maneno kwamba kati yao yupo Nabii ajuaye ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aendelee na aliyokuwa akiyasema. Alisahihisha maneno. Dufu halikunyamazishwa. Masheikh wana maelezo yao juu ya mipaka, nani anasikia na sauti inalegezwa vipi, na mipaka hiyo naishika: sisi tunaimba wanawake kwa wanawake.

Ndiyo maana nilipoposwa nilimwomba mama amfikishie baba, baba aliseme kwenye mazungumzo: Alhamisi usiku nina kasida. Nasikia upande wa pili shangazi mtu alicheka sana. Wenziwe wanataka kabati la milango minne, huyu anataka Alhamisi! Mchumba hakucheka. Aliuliza mawili tu: wanaume wapo? Na simu je?

La simu lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Siku hizi shughuli ya wanawake inarekodiwa kabla haijaisha, na asubuhi sauti yako iko kwenye simu ya muuza samaki. Kikundi chetu sasa tuna kikapu mlangoni. Mwenye shughuli akikataa kikapu, tunamwombea heri na hatuendi. Tumeshapoteza shughuli mbili nzuri kwa hilo, na moja ilikuwa ya watu wanaolipa vizuri.

Mwenzangu mmoja, mwenye sauti kutupita sote, hakulizungumza. Hakuna aliyemkataza. Mumewe si mtu mbaya, mama mkwe wake ni mcha Mungu. Aliingia nyumba ya watu, akaona aibu kuanza, wiki ikawa mwaka. Nilikutana naye kwenye maulidi ya jamaa zao baada ya miaka sita. Tulisimama bega kwa bega, na nilimwona midomo inatembea bila sauti. Nikamminya mkono. Mstari wa tatu akatoka, mdogo, umekwaruza. Mama mkwe wake aligeuka, akamtazama, akasema, “Kumbe unajua!” Miaka sita, dada zangu, na mtu wa nyumba moja hajui.

Sasa anakuja, mara mbili kwa mwezi, na wifi yake ndiye anayemshikia mtoto. Sauti ya juu haijarudi yote, kwa hiyo kwa sasa tumemweka safu yangu, kwenye waitikiaji, mpaka pumzi zikae sawa.