Kamera isiyomwamsha mtoto

Mtoto mchanga aliyelia usiku kucha akishapata usingizi, mara nyingi maneno ya watu hayamsumbui. Redio itasema, jirani atatwanga kisamvu, naye amelala tu. Kinachomgutusha ni mlio mfupi wa ghafla: kifuniko cha sufuria kuanguka, au kamera kufyatuka karibu na uso wake.

Wazazi wanaopenda picha za filamu huzisifu kamera ndogo za mfukoni kwa ukimya. Sababu ipo. Kamera kubwa za filamu walizotumia wapiga picha wengi wa harusi zina kioo ndani. Ukibonyeza, kioo huruka juu, pazia hufunguka na kufunga, kioo hurudi chini. Ndiyo ile “klap” inayogeuza vichwa. Kamera ndogo haina kioo hicho. Unachungulia kwenye kidirisha, na vipande vyembamba vilivyo kwenye lenzi hufunguka na kufunga kwa mlio wa ukucha kugusa ukucha.

Basi wengi hudhani mambo yameisha hapo. Kamera ndogo nyingi za miaka ya 1990 husogeza filamu kwa mota, na mota ndiyo yenye kelele. Picha imepigwa kimya, halafu “zzii!” Filamu ikifika mwisho, nyingine huirudisha yote zenyewe, hata kama mko msibani. Konica Hexar ya miaka ya 1990 iliwekewa mpangilio wa kupunguza kasi ya mota ili isisikike sana. Olympus XA ya mwaka 1979, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani wa Japani, haina mota kabisa. Filamu husogezwa kwa kigurudumu cha dole gumba, na mwenye kamera ndiye anayechagua wakati wa kukizungusha.

Mama mmoja wa Tanga alikuwa na XA hiyo siku mama mkwe wake, akiwa mgonjwa, alipolala na mjukuu kifuani, karibu na dirisha. Taa ya kamera, ambayo kwa XA huchomolewa, aliiacha kabatini. Alibonyeza mara moja, akatoka hadi uani, ndipo akazungusha kigurudumu. Hakuna aliyeamka.

Filamu ilipokuja kusafishwa, bibi alikuwa ameshazikwa. Picha ina giza kidogo. Mdomo wa bibi u wazi, kanga imemteleza kichwani.

“Wifi, ndiyo nini kumpiga mama picha hana hata kanga kichwani?” dada wa mume aliuliza. “Si ungemwamsha ajitande?”

Hoja yake ilikuwa na uzito. Kamera yenye kelele ingempa bibi nafasi ya kujiweka sawa, au ya kukataa.

Picha haikutundikwa sebuleni. Iko chumbani, wasikofika wageni. Wifi akija huingia kuitazama, akakaa humo kidogo, kisha hutoka na kuuliza habari za chai.