Neno "Kali" na Kinyume Chake

Siku moja nalikwenda sokoni Kwa Sadala, kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha, kununua ndizi. Mama mmoja muuzaji akaniamkia, akasema, "Mwalimu, hapa watu wote hukusifu kwamba u mkali." Nikafurahi. Kisha akainamisha macho, akasema, "Lakini mwanangu leo ni siku ya tatu hafiki shuleni, hujificha migombani. Nimwulizapo sababu, hunijibu, Mwalimu ni mkali."

Neno lilikuwa moja, nami nalisifiwa na kushtakiwa kwalo. Nikapanda kwenda nyumbani nikiliwaza.

Lugha yetu hulitumia neno hili kwa mambo mengi. Kisu kikatacho vema ni kikali, na mbwa aumaye ni mkali. Ndimu ni kali mdomoni, jua ni kali kichwani, mbege iliyokaa ni kali, na mteremko wa mlimani kwetu ni mkali kwa miguu. Vijana wa leo huuita wimbo mzuri mkali, na nchini Kenya mafundi wafanyao kazi pasipo kivuli huitwa jua kali. Basi tutaipambanuaje maana? Naliona njia moja: uliza kinyume chake. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu. Kinyume cha chungwa kali ni chungwa tamu. Kinyume cha mbwa mkali ni mbwa mpole.

Je, kinyume cha mwalimu mkali ni nani? Wazee wa sokoni walifikiri mwalimu butu, asiyejua kazi wala kusahihisha madaftari. Yule mtoto alifikiri mwalimu mpole, naye hakumwona. Wote walisema kweli.

Waraka kwa Waebrania hulifananisha Neno la Mungu na upanga wenye makali kuwili. Makali hayo ni ya kupambanua, si ya kuuma.

Asubuhi nikashuka mpaka kwa yule mama. Mtoto aliponiona alitaka kukimbia. Nikaketi chini, nikamwita kwa jina lake, nikamwomba radhi mbele ya mamaye. Hakunijibu neno. Kesho yake alikuja shuleni, akaketi nyuma, karibu na mlango.

Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba mimi ni mkali, humwuliza kwanza: Kama kisu, au kama mbwa?